Nilivyopata watu kwenye tamasha la sanaa la chuo chetu, baada ya kupoteza muhula mzima kwa ushauri mbovu

Nimeulizwa mara nyingi sana niliwezaje kujaza watu kwenye tamasha letu, sa wacha nielezee lote. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya sanaa na utamaduni kwenye chuo cha jamii, vile vyuo ambavyo wanafunzi hawalali pale, mtu anakuja akitoka kazini, akimaliza kipindi anakimbilia mtoto au zamu nyingine. Hilo ndo jambo lenyewe, mengine yote yametokana na hapo, na mimi ilinichukua muhula mzima kulielewa kwa sababu kila niliyemuuliza alikuwa ananishauri kama vile watu wetu wanaishi mabwenini.

Ushauri wa kwanza niliopewa ni kushika siku ya kimataifa, eti zinajitangaza zenyewe. Nikatajiwa 21 Machi ya ushairi, 27 Machi ya maigizo, 29 Aprili ya dansi. Mi nilikuwa natamani 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha 2021, ila Julai kwetu ni likizo. Basi tukachukua 21 Mei, siku ya Umoja wa Mataifa ya utofauti wa tamaduni, ipo tangu 2002, bango likapendeza kweli. Kwetu ikaangukia wiki ya mitihani. Na ushauri wa pili ukawa mbaya zaidi, kwamba ifanyike usiku kwenye ukumbi mkubwa ili ionekane ya maana.

Ukumbi una viti 300. Walikuja watu 14, na 6 kati yao ndo waliokuwa wanapanda jukwaani. Nusu ya bajeti ilikwenda kwenye kukodi spika na taa, na hizo spika zenyewe zikawekwa nyuma ya msemaji, kwa hiyo kila mtu akisogelea maiki inapiga mluzi mpaka unaziba masikio. Hapa naomba mnisikilize: ule mluzi ni sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inazunguka hivohivo. Spika zinatakiwa ziwe mbele ya maiki zinatazama watu, na mdomo uwe karibu na maiki ili usilazimike kuongeza sauti. Hakuna aliyetuambia, fundi mwenyewe alishaondoka.

Kulikuwa na dada mmoja alifanya mazoezi ya dansi miezi miwili, anafanyia jikoni kwake mtoto akilala. Alicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa nguvu zake zote, mbele ya viti vitupu, na alipoinama mwishoni zilisikika pa pa pa za mikono michache. Iliniuma. Bado inaniuma.

Watu walivyoondoka nikabaki nimekaa, akaingia mama anayefanya usafi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona umekaa gizani? Nikamweleza. Akaegemea fagio lake akaniambia, "Mwanangu, hawa watu hawakai hapa, wanapita. Sasa mtu anayepita unamwekea kiti cha nini?"

Jamani, kamati yangu ilikuwa na watu tisa na mlezi wetu ni mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hivyo.

Muhula uliofuata sikupanga kitu kwanza. Nilisimama koridoni wiki nzima na daftari nahesabu vichwa. Vipindi vya mchana vinaisha saa 11 jioni, vya jioni vinaanza saa 11 na nusu, na kwenye ile nusu saa karibu chuo kizima kinapita kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, wale wanaotoka na wale wanaoingia. Jumatano ndo wanakuwa wengi kupita siku zote. Nikasema hapahapa, Jumatano ya kawaida kabisa isiyo na jina.

Kanuni nilizoweka: hakuna kitu kinachozidi dakika 7, hakuna hotuba ya mgeni rasmi (hapa niligombana na watu, nikasimama imara), na hakuna maiki. Ile sehemu ina vigae na kuta tupu, sauti ya mtu inasafiri yenyewe, ukiweka spika inakuwa mwangwi mtupu hueleweki. Maigizo tuliandika wenyewe kwa sababu tamthilia ya mtu inahitaji ruhusa yake na hatukuwa na muda wa kuifuatilia. Kwenye mashairi niliwaambia washairi waje na utenzi, mizani (yaani silabi) 8 kwa mstari, mistari 4 kwa ubeti, mtu akisimama dakika 2 tu amesikia beti 10 na kisa kimeeleweka. Shairi la mizani 16 ni tamu ila linataka msikilizaji aliyetulia. Ndugu mmoja alikasirika kidogo, baadaye akaleta utenzi wa baba yake alivyojifunza kusoma ukubwani, watu wakaganda na mabegi mgongoni.

Sasa ngoma. Mpango ulikuwa ngoma ndo iite watu, kwa sababu bango mtu analipita lakini ngoma haipiti. Tulikuwa na mbili za ngozi, zilikaa stoo yenye unyevu muhula mzima. Siku yenyewe saa 9 mchana napiga, inatoa sauti kama unapiga gunia la nguo. Ngozi ikivuta unyevu inalegea. Kwa kawaida unaikausha kwa moto, ila ndani ya jengo lenye ving'ora vya moshi ukiwasha moto tamasha limeisha. Kuna mwenzetu akataka kuleta pasi, nikakataa maana ukiigusisha pasi ngozi inakauka vibaya na kupasuka. Tukazipeleka kwenye dirisha la ngazi ambapo jua la mchana linapiga, tukazilaza ubavu, kila baada ya dakika kumi nazigeuza na kugonga pembeni kwa kifundo cha kidole, nasikiliza. Mwanzo bu, bu. Baadaye du. Ilipofika saa 10 na nusu nikagonga ikajibu ti, kavu, safi, nikajua tumepona.

Saa 11 kamili milango ilivyofunguka tukapiga. Watu walikuja wenyewe, wakapanda mpaka kwenye ngazi, walimu wa jioni wakachelewesha vipindi. Tulihesabu zaidi ya 200 halafu tukaacha kuhesabu. Yule dada alicheza dansi ileile, safari hii mtoto wake akiwa mbele kabisa amekaa sakafuni, maana tulitandika mkeka na karatasi za kuchora kwa ajili ya watoto, na nawaambia kitu hicho kilitugharimu hela ndogo kuliko vyote na ndicho kilichobakiza wazazi.

Picha za wachoraji sikuzipeleka chumba cha maonyesho. Nilizitundika ukuta wa foleni ya usajili, ambapo mtu anasimama dakika 20 hana pa kutazama. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka chini, sisi mwanzo tuliziweka juu sana watu wanainua shingo. Picha tatu ziliulizwa bei na watu waliokuja kulipa ada tu.

Jumatano iliyofuata hatukuwa na chochote. Nilipita pale saa 11 nikielekea darasani nikakuta kama watu thelathini wamesimama wanatazama saa zao, na yule mama wa usafi yuko nao, fagio ukutani, ananiuliza, "Mwanangu, ngoma iko wapi?"