Asubuhi ya mbayuwayu kule Sevilla

Mwaka ule nilikuwa nasoma Sevilla, kusini mwa Hispania, nimepanga chumba kwa mjane mmoja mtu mzima. Habari kwamba mchumba wangu wa Tanga ameolewa na mwingine zilinifikia kwa simu, usiku. Baada ya hapo nilikuwa naenda darasani, narudi, nalala. Mama yule hakuniuliza neno. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi aligonga mlango akasema, "Vaa viatu, mwanangu. Kuna mtu nataka ukamwone."

Michungwa ya barabarani ilikuwa imechanua, na harufu yake ilitufuata mpaka ndani ya bustani ya María Luisa. Mtu mwenyewe alikuwa wa mawe: Gustavo Adolfo Bécquer, mshairi aliyezaliwa mjini humo mwaka 1836. Sanamu yake imesimamishwa pale tangu 1911, chini ya mti mkubwa sana, na kuuzunguka mti kuna benchi la marumaru walikoketi wanawake watatu, nao wa mawe pia. Mama alinitambulisha kwao mmoja mmoja kana kwamba ni majirani zake: huyu penzi linamjia, huyu analo, na huyu limemwondoka. Huyu wa tatu ameinamisha kichwa. Mapajani mwake palikuwa na maua mabichi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Tulikuta mwalimu na wanafunzi wake wa sekondari. Kijana mmoja alisimama kusoma shairi ambalo Wahispania wengi wanalijua tangu shuleni, lile la mbayuwayu. Watarudi mbayuwayu weusi, anasema mshairi, watatundika viota vyao kwenye roshani yako, na kwa mabawa watagusagusa tena vioo vya dirisha lako. Lakini wale waliopunguza mwendo ili wautazame uzuri wako na furaha yangu, wale waliojifunza majina yetu, wale hawatarudi.

Kijana alikwama kwenye ubeti wa tatu. Mtunza bustani aliyekuwa akikusanya majani akaegemea reki yake, akaendelea pale pale kwa sauti nzito, bila kitabu: mimea itambaayo itapanda tena ukuta wa bustani yako, na jioni maua yake yatafunguka, mazuri kuliko ya mwanzo. Lakini yale yenye matone ya umande tuliyokuwa tukiyatazama yakitetemeka na kudondoka kama machozi ya mchana, yale hayatarudi. Wanafunzi wakaipokea "hayatarudi" kwa pamoja, na mama naye, na mimi nikajikuta nimo.

Nimekulia kwenye mashairi ya mizani na kibwagizo, kwa hiyo sikio langu lilikamata ufundi wake mara moja. Mistari mitatu ya mizani 11, kisha wa nne mfupi, mizani 7 tu. Pumzi unayoizoea inakatwa ghafla, na kwenye mkato huo ndipo lilipo neno linalouma. Nimesoma tungo nyingi zinazomwita mpenzi ua au mwezi, na nyingine ni nzuri kweli. Bécquer alifanya jambo zito zaidi: ndege na maua yake walikuwepo, waliona, ni mashahidi wa wale wawili.

Mama akanisimulia kwamba nakala ya kwanza ya mashairi hayo ilipotea katika mapinduzi ya 1868, nyumba ya waziri aliyekuwa amekabidhiwa ilipovamiwa, na Bécquer akakaa kuyaandika upya kutoka kichwani. Alikufa Madrid mwishoni mwa 1870, ana miaka 34. Rafiki zake wakayachapisha mwaka uliofuata. Nilimtazama mtunza bustani aliyerudi kwenye majani yake, naye pia shairi lote analo kichwani.

Tulipoketi, mbayuwayu wawili walipita chini chini juu ya nyasi. Nikamwambia mama kwamba hao, Ulaya ikipoa, huvuka Sahara kuja Afrika, na kwetu nako wanafika wengine kutoka Ulaya na Asia wakati wa mvua za vuli, wanajipanga kwenye nyaya za umeme. Aligeuka mzima mzima. Umri wote huo alikuwa amewaza wanarudi, hakuwahi kuwaza wanatoka wapi.

"Na huko kwenu wanajenga?"

"Hapana, mama. Kwetu wanakula na kupumzika tu. Wanaojenga kwenye viambaza vyetu ni mbayuwayu wa kwetu, jamii nyingine."

Alinyamaza akifikiri. Kisha akaniambia juu ya kiota cha udongo kilichoko chini ya roshani yake, kilichoanza mwaka alioolewa. Mumewe aliwakatalia mafundi rangi wasikibomoe, kwa kuwa wazee wao walisema mbayuwayu ndiye aliyemng'oa Yesu miiba kichwani. Kila mwaka kinakaliwa. "Lakini ndege hawa hawaishi miaka mingi," akasema. "Waliomjua yeye wamekwisha zamani. Hawa wa sasa ninawapenda vilevile."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za Tanga, zote, mpaka jina la msichana. Alisikiliza bila kunikatiza. Tulipoinuka aliniamuru nianze kulishika shairi, na njia nzima akanisahihisha matamshi, watu wakitugeukia. Tulipofika mlangoni nilikuwa na beti mbili, akanidai ya tatu baada ya chakula.