Nilivyoirudisha kaseti ya Queen ya 1974 kwenye kasi yake

Mjomba alirudi kutoka Uingereza na kaseti iliyoandikwa kwa kalamu "Queen, Rainbow 74", basi. Kwenye ukumbi huo wa Rainbow, London, mwaka ule Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga tarehe 31 Machi, kisha wakarudi Novemba, tarehe 19 na 20. Kutambua kama ni ya Machi au ya Novemba hakukunisumbua. Ukiisha ule utangulizi wa magitaa waliokuwa wakiufungulia kutoka kwenye utepe, bendi inaingia na "Now I'm Here", wimbo wa albamu ya Sheer Heart Attack iliyotoka Novemba hiyohiyo. Machi nikaifuta.

Kazi ilikuwa kwenye kasi. Mwimbaji wao Freddie Mercury, huyu wetu aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alisikika kama mvulana ambaye sauti yake bado haijavunjika, maana utepe ulikuwa unakwenda mbio.

Kwanza nilisafisha kichwa cha deki, kile kinachosoma utepe, kwa spiriti na pamba. Halafu, kaseti ikiendelea kuimba, nikawa nazungusha kidogokidogo ile skrubu ya pembeni inayorekebisha mkao wa kichwa, mpaka matoazi ya Roger Taylor, mpiga ngoma wao, yakang'ara. Wengi hurukia kompyuta. Mimi naona hapa ndipo penye nusu ya kazi, kwa sababu sauti nyembamba isiyosomwa na kichwa hakuna programu itakayoizua.

Baada ya kuiingiza kwenye kompyuta nilitafuta mngurumo wa umeme. Umeme wa Uingereza ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na vyombo vya jukwaani huuvujisha. Ukiukuta kwenye utepe ukiwa juu au chini ya hapo, umepata kipimo cha kasi. Tatizo ni kwamba na umeme wetu ni hezi 50, na deki yangu nayo inanguruma! Nikafungua mchoro wa masafa ya sauti katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikavuta karibu sehemu za kimya kati ya nyimbo. Palikuwa na vilele viwili: kimoja 50 kamili, ambacho ni cha deki, na kingine 52. Hicho cha pili ndicho cha utepe. Gawanya 50 kwa 52, unapata 0.9615, yaani kupunguza kasi kwa asilimia 3.85.

Hapo tumia amri inayobadilisha kasi na kimo cha sauti (unene au wembamba wake) kwa pamoja. Ile ya kubadilisha kimo peke yake itakuachia ngoma zinazokimbia vilevile. Kuhakikisha, nilisikiliza piano ya "Killer Queen" sambamba na toleo rasmi la maonyesho hayo lililotoka 2014. Gitaa sikuliamini, maana hukazwa na kulegezwa. Piano haifanyiwi hivyo katikati ya onyesho. Zikakaa pamoja.

Mvumo wa utepe sikuugusa. Ukiufuta sana, unaondoka na mwangwi wa ukumbi.

Mjomba aliposikiliza alisema imepoa mno, yeye ameizoea ile ya mbio. Nimempa zote mbili.