Nilivyoandika tamthilia ya mizani

Tamthilia yangu ina jambo moja tu la ajabu. Asubuhi moja, kwenye lango la soko, watu wanakuta mizani ya chuma, ile ya kupimia magunia ya maharage, na kila anayetaka kuingia lazima apande. Akionekana mzito, anapita. Akionekana mwepesi, anapewa jiwe alishike mkononi ili uzito utimie. Kiwango ni kilo ngapi, hakuna anayejua. Mengine yote jukwaani ni Arusha ninayoijua: mama ntilie anadai hela yake, bodaboda anavizia abiria, mwalimu mstaafu anasoma gazeti la jana.

Vijana wanaoniletea miswada yao huamini kwamba tamthilia ya kibwege, ile ya mambo yasiyofuata mantiki, ni kupindua kila kitu. Huyu ana kichwa cha samaki, yule anaongea na kiti, wa tatu analia mpaka pazia lishuke. Hadhira inacheka kidogo, inachoka. Mtu hawezi kuonywa kuhusu hatari iliyo katika dunia ambayo si yake. Ndiyo maana nikabakiza ajabu moja, nikaizungushia mambo ya kila siku yaliyo sahihi mpaka bei ya nyanya.

Nililotaka kuonya nililipata hapa hapa mjini. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, kwa miaka mingi. Iliundwa Novemba 1994, ikafungwa mwishoni mwa 2015, na hukumu yake dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kimbari. Wengi wetu tuliizoea kama ofisi nyingine yoyote. Mimi niliwahi kukaa kwenye viti vya wananchi, nyuma ya kioo, nimevaa vifaa vya kusikilizia. Kilichonikaa moyoni ni mambo madogo: orodha, kizuizi cha barabarani, kitambulisho. Kabila liliandikwa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 neno hilo hilo, kwenye karatasi ya aina hiyo hiyo, lilimtenga wa kuuawa na wa kupita. Miaka sitini ilipita katikati. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya kwanza, ya kupewa kitambulisho, hakuona panga. Aliona karani na meza.

Sikutaka kuiandika Rwanda. Wenye msiba wapo, na wanausema wenyewe. Nilitaka kuiandika ile foleni.

Mwandishi aliyenisaidia kuona njia ni Eugène Ionesco, mzaliwa wa Romania, aliyeshuhudia katika miaka ya 1930 wasomi aliowafahamu wakivutwa mmoja mmoja na siasa za kifashisti. Katika tamthilia yake ya faru, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1959, watu wa mji mdogo wanageuka faru. Faru anapopita mtaani, watu wanabishana kama alikuwa na pembe moja au mbili, wa Asia au wa Afrika. (Sisi tulio jirani na Ngorongoro tungewajibu upesi kwamba faru weusi wetu wana mbili, na tungekuwa tumenaswa pamoja nao.) Nilielewa kwamba watu hushindwa kuiona hatari huku wakiichunguza kwa makini sana.

Basi nikajiwekea sheria: hakuna mhusika atakayeuliza "kwa nini". Waulize mengine yote.

MPIMAJI: Shikamoo mama. Karibu upande.
MAMA NTILIE: Marahaba mwanangu. Na sufuria nalo?
MPIMAJI: Sufuria lina mizani yake.
MAMA NTILIE: Haya. Foleni yake iko wapi?

Kuhusu Mpimaji nilisimama imara. Kijana aliyemwigiza alitaka kufoka, avae miwani ya giza, atembee kama jenerali. Nikamwambia: amkia wakubwa, wape pole ya jua, mshike bibi mkono anaposhuka. Sisi tumelelewa kwa heshima na tunaipenda, na mimi naipenda pia. Anayetufokea tunajua kumkatalia. Anayetuamkia vizuri tunampandia mizani, halafu tunamshukuru.

Mawe nayo yalinifundisha. Mwongozaji alipendekeza tutengeneze ya karatasi na gundi. Nikaomba mawe halisi, tukayaokota kandokando ya mto Themi, kila moja la kujaza kiganja. Mazoezi yakabadilika. Mkono ukichoka, mwigizaji anaegemea, sentensi inakatika, hasira inapanda bila mimi kuiandika. Wenye mawe wakaanza kusimama pamoja, na wasio nayo wakawa upande wa pili. Katika mswada sikuwa nimeweka mpangilio huo. Niliuchukua kutoka kwao nikauingiza.

Maleba yalihitaji uangalifu. Kijani na njano tuliviepuka, na bluu, nyekundu na nyeupe kwa pamoja tukaziepuka pia, maana rangi hizo kwetu zina wenyewe. Si woga. Mtazamaji akishaona rangi ya chama anahesabu ni nani kasemwa, na kama si yeye, anastarehe. Tukavaa kahawia na rangi ya majivu, tukaenda ukumbini.

Onyesho la mwisho linaanza Mpimaji akiwa ameshaondoka zamani na mizani imepata kutu. Watu bado wameshika mawe. Wanauza nayo, wanakula nayo, wanabeba watoto kwa mkono mmoja. Bodaboda, aliyekuwa safarini tangu onyesho la kwanza, anarudi mikono mitupu na kuuliza lile swali ambalo nilikuwa nimelizuia tangu mwanzo: "Kwa nini mmeshika mawe?" Wote wanamgeukia. Taa zinazimika.

Waigizaji walinibana niandike kinachofuata. Nilikataa, kwa kuwa ningeandika kifo, hadhira ingemlilia bodaboda ikaenda nyumbani imetakasika. Nilitaka watazamaji ndio wawe na mkono uliobaki.

Siku ya onyesho, Arusha, kabla taa hazijazimwa, mama mmoja wa safu za mbele alipaza sauti: "Wekeni chini!" Wachache wakampigia makofi. Kutoka nyuma ikaja sauti nyingine, ya mtu mwenye nia njema kabisa: "Jamani, mpeni na yeye jiwe, apite, yaishe!" Na ukumbi mkubwa ukakubaliana na huyo wa pili.

Sasa tunaipeleka Moshi. Maneno sijayagusa. Nimemwomba tu mwongozaji acheleweshe kuzima taa baada ya swali la bodaboda, na waigizaji wasishushe macho, ili watu wa Moshi wapate muda wa kutoa ushauri wao. Nimemweka mtu pembeni mwenye daftari, auandike wote.