Utafiti wa muhogo kwenye kiswaswadu

Tasnifu yangu kuhusu michirizi ya kahawia ya muhogo iko maktaba, kwa Kiingereza, na sitegemei mkulima yeyote wa Mkuranga aje kuifungua. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na wataalamu tangu miaka ya 1930, tena hapa hapa Tanganyika, kituo cha utafiti cha Amani. Lakini mpaka leo watu wanagawana pingili, vile vipande vya shina vya kupanda, zenye virusi, wala si kwa ujinga: shina linaweza kustawi vizuri tu, ukichimba unakuta mizizi imeoza ndani. Nikaamua matokeo yafike kwenye viswaswadu walivyo navyo. Simujanja zipo, ila bando ni la kubahatisha.

Meseji moja inabeba herufi 160. Nilifuta takwimu, majina ya virusi, kila kitu ambacho msimamizi wangu alikipenda. Inzi weupe nilitaka wabaki, maana ndio wanaoeneza virusi, mpaka bibi mmoja niliyemsomea rasimu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hao inzi niwafanyeje?" Wakatoka. Inzi husambaza ugonjwa huu karibu karibu tu. Unaovuka wilaya hupanda basi pamoja na pingili. Ikabaki hii:

"Ukivuna, pasua mizizi ya kila shina. Ukiona kahawia ndani, pingili zake usipande wala usimpe jirani. Majani yakiwa mazuri bado mzizi unaweza kuwa mbovu."

Meseji ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, ndiyo iliyonitoa jasho. Ilianza na "Ng'oa", ilikuwa fupi kuliko hiyo, lakini mfumo wa kutuma meseji za mkupuo ulikuwa unaihesabu kama meseji mbili, na gharama mara mbili. Kumbe kompyuta ilikuwa imeweka ile alama ya ng' iliyopinda. Alama hiyo moja haimo kwenye herufi za kawaida za simu, hivyo meseji nzima inahamishiwa mfumo mwingine wenye nafasi 70 tu. Nikaweka alama iliyonyooka, ikarudi kuwa moja. Anayetuma meseji za Kiswahili aangalie ng'ombe na ng'oa zake.

Halafu kuna suala la kuaminika. Nchi hii kila mtu amewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo meseji ya mgeni inafutwa kabla haijasomwa. Tulipita kwanza kwenye mikutano ya vitongoji, mwenyekiti akalitaja jina la mtumaji mbele ya watu, na kila aliyetaka akaandikisha namba mwenyewe.

Bado simu nyingi ni za akina baba, na wanaochagua mbegu shambani ni akina mama, wengine hawasomi. Kwao tulifungua namba ya kubipu: unabipu, unakata, mashine inakupigia na kukusomea ujumbe bila kukula salio. Sauti ni ya mama mkulima wa hapo hapo. Yangu walisema inafanana na ya redio.

Swali lililofuata lilikuwa moja kila kijiji: nisipopanda hizi, nipande zipi? Hilo halina jibu la kudumu, maana pingili safi za aina ya muhogo iitwayo Kiroba leo ziko kwa huyu, msimu ujao zimeisha. Kabla ya vuli nampigia bwana shamba wa kata, ananitajia zilipo, naandika meseji upya.