Namba za vichwa zinapovurugika kwenye Word: tibu orodha, si kichwa kimoja kimoja

Sura ya pili imeanza, lakini kichwa kidogo cha kwanza chini yake kinasomeka 1.4. Unabofya namba kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua "Restart at 1", inakaa sawa. Kurasa mbili mbele, 2.3 imegeuka 1.1. Unarudia dawa ileile. Ukifika sura ya nne faili limejaa viraka, na kila kiraka kipya kinafumua cha zamani.

Tatizo linaanzia kwenye dhana kwamba namba ni sehemu ya kichwa. Siyo. Word huichora tu mbele ya maneno. Inayohesabu ni orodha ya ngazi 9 iliyokaa nyuma ya waraka, na kichwa hupata namba kwa sababu staili yake imefungwa kwenye ngazi fulani ya orodha hiyo: Heading 1 kwenye ngazi ya 1, Heading 2 kwenye ngazi ya 2, hivyo hivyo hadi Heading 9. Ukibofya "Restart at 1" huirekebishi orodha hiyo, unazaa nyingine pembeni yenye amri yake ya mahali pa kuanzia. Anayetaka ushahidi atengeneze nakala ya faili, abadilishe .docx mwishoni mwa jina iwe .zip, alifungue, kisha atazame faili dogo la numbering.xml ndani ya folda ya word. Waraka uliotulia una maingizo machache ya w:num, kila moja likiwa orodha moja. Uliotiwa viraka una rundo lake, mengi yakiwa na w:startOverride, na hizo ndizo "Restart" zako.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kwanza una ugonjwa gani.

Bofya mara moja juu ya namba yenyewe, mfano 1 ya sura ya kwanza. Kama kishale kinaingia katikati ya tarakimu, namba hiyo imechapwa kwa mkono na hakuna mtambo utakaoihesabu; ifute. Kama inapata kivuli cha kijivu, ni namba ya kweli. Sasa shuka chini ukaangalie namba za sura nyingine, bila kubofya tena. Zilizomo kwenye orodha moja na hiyo nazo zitakuwa na kivuli. Ukikuta 1, 3 na 4 zina kijivu na 2 haina, umempata mkosaji: sura ya pili iko kwenye orodha nyingine, ndiyo maana vichwa vidogo vilivyo chini yake haviioni na vinaendelea kuhesabu vya sura ya kwanza. Kipimo hiki hakichukui hata nusu dakika, na ni bora kuliko kukisia kwa saa nzima.

Ukitaka undani zaidi, weka kishale kwenye kichwa na ubonyeze Shift+F1. Kidirisha kinachofunguka kinaonyesha staili ya aya, na ukiweka alama kwenye "Distinguish style source" chini yake, kinataja kama kuna uumbizaji uliobandikwa moja kwa moja juu ya staili hiyo. Huo wa kubandikwa ndio adui.

Kuijenga orodha upya, mara moja na mahali pamoja

Weka kishale kwenye kichwa cha kwanza kabisa chenye staili ya Heading 1. Si popote tu. Ukianzia kwenye aya ya kawaida, unaweza kuipa aya hiyo namba bila kukusudia. Kwenye kichupo cha Home, bofya kitufe cha "Multilevel List", kile cha tatu baada ya vitone na namba za kawaida. Kwenye vielelezo vinavyotokea, chagua kile ambacho ndani yake yameandikwa maneno Heading 1, Heading 2, Heading 3 pamoja na 1, 1.1, 1.1.1. Hiki kimekwisha kufungwa kwenye staili, hivyo nusu ya kazi imeisha. Kisha rudi kwenye kitufe hicho hicho, ingia "Define New Multilevel List", na chini kushoto bofya "More". Bila kubofya More, sehemu zenye maana zote zimefichwa, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

Upande wa kushoto kuna ngazi 1 hadi 9. Pitia kila ngazi utakayoitumia, na kwa kila moja hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni "Link level to style": ngazi ya 1 iwe na Heading 1, ya 2 iwe na Heading 2. Ukikuta "(no style)", basi hapo ndipo uzi ulipokatika.

La pili ni kisanduku cha "Enter formatting for number". Tarakimu zilizomo lazima ziwe na kivuli cha kijivu. Hapa watu wengi huharibu: wanaona ngazi ya 2 haina namba ya sura, basi wanachapa "1." kwa kibodi mbele yake. Matokeo yake ni 1.1, 1.2, 1.3 kwenye sura zote hadi ya mwisho, kwa kuwa ile 1 ya mwanzo ni herufi tu kama herufi nyingine. Futa vyote kwenye kisanduku. Kwenye "Include level number from" chagua Level 1, chapa nukta, halafu kwenye "Number style for this level" chagua 1, 2, 3. Kwa ngazi ya 3 utaingiza Level 1, nukta, Level 2, nukta, kisha namba yake yenyewe. Maneno ya kudumu kama "Sura ya" ndiyo yanayochapwa kwa mkono, kwenye ngazi ya 1, kabla ya tarakimu ya kijivu.

La tatu ni "Restart list after". Kwa ngazi ya 2 iwe imewekwa alama na isome Level 1. Kwa ngazi ya 3 isome Level 2. Alama hii ikiondoka, sura ya pili itaanza na 2.4 au 2.7, yaani tarakimu ya sura ni sahihi lakini ya pili haikurudi kwenye moja. Tofautisha na ile ya 1.4 ndani ya sura ya pili: 2.4 ni kosa la mpangilio huu, 1.4 ni kosa la orodha mbili. Na ukiona 0.1, maana yake hakuna kichwa cha ngazi ya 1 kilichotangulia ambacho orodha inakitambua.

Kama sura zako zina namba za Kirumi, ngazi ya 2 itasoma II.1. Usibadilishe sura. Ukiwa kwenye ngazi ya 2 weka alama kwenye "Legal style numbering", nawe utapata "Sura ya II" juu na 2.1 chini yake. Fanya hivyo pia kwa ngazi ya 3 na zinazofuata.

Nafasi kati ya namba na maneno nayo huwatesa watu. Vichwa vya 2.1 hadi 2.9 vinakaa vizuri, 2.10 inasukuma maneno yake mbali kulia. Namba imekuwa pana kuliko kipimo cha "Text indent at", basi tabo inaruka hadi kituo kinachofuata, ambacho kwa kawaida kiko kila sentimita 1.27. Bofya "Set for All Levels" kwanza ili usawazishe, kisha weka "Aligned at" sentimita 0 kwa ngazi zote, na "Text indent at" sentimita 1 kwa ngazi ya 1, 1.25 kwa ya 2, 1.75 kwa ya 3. Tazama fonti yako na uongeze kidogo ikihitajika. Usiyarekebishe haya kwa kuvuta alama za rula juu ya ukurasa. Rula hubandika ujongezo kwenye kichwa kimoja tu, na umerudi kulekule kwenye viraka.

Kuondoa viraka vya zamani

Orodha mpya haifuti yaliyobandikwa. Kwenye kichupo cha Home, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya Heading 2 kwenye safu ya staili na uchague "Select All". Vichwa vyote vya ngazi hiyo vitachaguliwa kwa pamoja. Bonyeza Ctrl+Q, ambayo huondoa uumbizaji wa aya uliobandikwa na kuirudisha aya kwenye staili yake. Rudia kwa Heading 1 na Heading 3. Kichwa kikipoteza namba kabisa baada ya Ctrl+Q, umejifunza kitu: staili yake haikufungwa kwenye orodha, rudi kwenye "Link level to style".

Ctrl+Space hufanya kazi kama hiyo kwa herufi, lakini itumie kwa tahadhari. Itaondoa pia italiki ulizoziweka kwa makusudi, mathalani jina la kisayansi la mmea ndani ya kichwa.

Namba ikiwa nyekundu au nyembamba wakati maneno ni meusi na mazito, usihangaike na orodha. Namba hufuata sura ya alama ya mwisho wa aya, ile ¶. Ionyeshe kwa Ctrl+Shift+8, ichague peke yake, bonyeza Ctrl+Space. Alama hizo hizo zitakuonyesha pia mistari mitupu iliyopewa staili ya kichwa kwa sababu mtu alibonyeza Enter mara mbili. Kila mmoja unakula namba, ndiyo maana 3.2 inafuatwa na 3.4.

Jambo la kuzima leo hii: bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia, chagua Modify, na uondoe alama kwenye "Automatically update". Ikibaki, mabadiliko ya kichwa kimoja yanaambukiza vyote. Unafuta namba ya Shukrani, sura zote zinabaki uchi.

Na kuhusu Shukrani, Ikisiri na wenzao wasiohitaji namba: watengenezee staili yao. Unda staili mpya, uiite "Kichwa bila namba", iegemezwe kwenye Heading 1, na kwenye Format > Numbering uchague None. Itabaki na kiwango chake cha muhtasari, kwa hiyo itaingia kwenye orodha ya yaliyomo. Kufuta namba kwa Backspace hufanya kazi hadi siku mtu atakapopaka staili upya.

Viambatisho ndivyo hushinda wengi, na suluhisho lake ni zuri. Usifungue orodha ya pili. Tumia ngazi za chini ambazo hazina kazi: ngazi ya 7 ifunge kwenye Heading 7, chapa "Kiambatisho" na nafasi, namba iwe A, B, C, na uondoe alama ya "Restart list after". Hapa ndipo mahali pekee ambapo ningeiondoa, kwa sababu kichwa chochote cha Heading 1 kitakachojipenyeza katikati ya viambatisho kingerudisha hesabu kwenye A. Ngazi ya 8 ichukue namba ya Level 7 ili isome A.1, ikiwa imefungwa kwenye Heading 8. Kwenye yaliyomo, ingia "Custom Table of Contents", kisha Options, uandike 1 mbele ya Heading 7 na 2 mbele ya Heading 8.

Visanduku vyeusi

Wakati mwingine namba hupotea na mahali pake panakaa mstatili mweusi. Hapo fonti ya namba kwenye ngazi ya orodha imeharibika. Weka kishale mwanzoni mwa maneno ya kichwa, bonyeza mshale wa kushoto hadi mstatili ugeuke kijivu, bonyeza Ctrl+Shift+S, na kwenye kidirisha kidogo bofya Reapply. Kama vimejaa kila mahali, hifadhi nakala, fungua kihariri cha makro kwa Alt+F11, kisha dirisha la Immediate kwa Ctrl+G, bandika mstari huu na ubonyeze Enter:

`For Each t In ActiveDocument.ListTemplates: For Each l In t.ListLevels: l.Font.Reset: Next: Next`

Unasafisha fonti za namba kwenye orodha zote za waraka. Gharama yake ni kwamba uzito au rangi uliyoiweka maalumu kwa namba nayo itaondoka.

Sura zinapoandikwa na watu tofauti na kuunganishwa, chagua faili moja liwe mama, lenye orodha iliyojengwa kama hapo juu. Bandika sura za wengine humo kwa "Use Destination Styles", si kwa "Keep Source Formatting", kwa sababu hiyo ya pili huja na orodha zake mgongoni. Halafu rudia kipimo cha kivuli cha kijivu kwenye maungio. Kama "Track Changes" ilikuwa imewashwa, kubali au kataa mabadiliko kwanza. Kichwa kilichofutwa lakini hakijakubaliwa kinaweza kuendelea kuhesabiwa. Mwisho kabisa Ctrl+A, F9, "Update entire table", kwani yaliyomo na marejeo ya ndani hayajisasishi yenyewe.

Kwa watumiaji wa LibreOffice Writer habari ni fupi. Kila kitu kiko Tools > Heading Numbering, ambayo matoleo ya zamani yaliiita Chapter Numbering. Kuna ngazi 10. Chagua namba kwa kila ngazi, na kwenye "Show sublevels" weka 2 kwa ngazi ya 2, 3 kwa ya 3. Ikibaki 1, utaona 1 badala ya 1.1. Usibonyeze F12 juu ya kichwa, kwa sababu hiyo hukiingiza kwenye orodha ya kawaida ya namba, nje ya hesabu ya vichwa. Kama umeshaibonyeza, ibonyeze tena ukiwa kwenye kichwa hicho, kisha upake staili yake upya.