Ndoa ya ufukweni Bagamoyo: uliza maji kwanza, mwezi baadaye

Wanaotaka kufunga ndoa ufukweni na watu wachache huanza na swali moja: mwezi gani mzuri? Jibu la haraka lipo. Katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, au Januari. Tatizo ni kwamba Bagamoyo jibu hilo halikufikishi mbali. Jumamosi moja saa 10 jioni unakuta ufukwe mpana, watoto wanacheza mpira. Jumamosi inayofuata, saa ileile, mbingu ni safi vilevile ila maji yako kwenye mizizi ya minazi na viti mlivyokodi havina pa kukaa.

Tunazungumzia ndoa ya watu 10 hadi 15: wenye ndoa, wazee wa pande mbili, mashahidi, mfungishaji na mpiga picha. Kutoroshana ni habari nyingine, na wanaotoroshana hawachagui msimu.

Tuanze na maji. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, ndiyo maana hayana saa ya kudumu. Hata hivyo yana kawaida inayofuata mwezi wa angani, na mvuvi yeyote pale sokoni anaijua bila kutazama karatasi. Mwezi ukiwa mpya au mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na yanakupwa sana karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 au 8 na 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu. Hapo mambo yanageuka: saa 10 jioni maji yamekupwa, lakini hayaendi chini sana. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita 1 tu.

Mita 3 zinaonekana chache mpaka ukumbuke ufukwe wa Bagamoyo ulivyo bapa. Bamvua likikupwa, bahari inakwenda zake mbali, na mbele yenu kunabaki tope, vidimbwi, mwani na ngalawa zilizolala ubavu. Likijaa, mchanga mkavu unabaki ukanda mwembamba. Kwa hiyo kwa shughuli ya jioni sisi tunachagua maji mafu, siku ileile ya mwezi nusu au moja au mbili baada yake. Mfano: Agosti 2026 mwezi mpya ni tarehe 12 na nusu ya kwanza ni tarehe 20. Jumamosi ya tarehe 22 ni maji mafu, bahari ipo karibu na mchanga mkavu unatosha. Jumamosi ya tarehe 29, siku moja baada ya mwezi mpevu, ni bamvua. Saa 10 na nusu jioni maji yamejaa tele.

Faida nyingine ya maji mafu ni kwamba yanarudi kila baada ya wiki mbili hivi. Tarehe yenu ya akiba iwe siku 14 au 15 mbele, na mpango mzima wa saa unabaki uleule. Mkilipa kianzio cha hoteli au turubai, ulizieni kama kinahamishika kwenda tarehe hiyo.

Anayetaka kwenda kufungia ndoa kwenye fungu la mchanga baharini apindue hesabu yote. Fungu huibuka vizuri siku za bamvua, asubuhi, kuanzia kama saa 3 hadi saa 5. Nahodha akisema muda umekwisha, umekwisha. Maji yakianza kurudi hayamsubiri mpiga picha.

Hesabu hii ya mwezi ni ya kuchagulia siku. Saa kamili itafuteni kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, na hapo kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: jedwali linaandikwa kwa saa 24. Mtu anaona 04:00 anasoma saa 4 asubuhi, kumbe ni saa 10 alfajiri. 16:00 ndiyo saa 10 jioni. Andikeni upya kwa saa zetu kabla ya kumtumia mpambaji na dereva.

Upepo nao una hesabu yake. Watu wengi husifia Januari na Februari kwa sababu mvua ni chache na bahari ina rangi nzuri. Kweli. Lakini ufukwe wa Bagamoyo unatazama kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, upepo utokao upande huohuo, kwa hiyo upepo unawapiga usoni moja kwa moja, hasa kuanzia adhuhuri. Shela inaruka nyuma, kipaza sauti kinanguruma, mishumaa msiifikirie. Joto la mchana hufika nyuzi 32 na jasho halikauki. Kuanzia Juni upepo ni kusi. Unatoka upande wa kuume ukitazama bahari, na ukiwa mjini ardhi ya Kaole na Mbegani, kusini-mashariki ya mji, inaukinga kwa kiasi. Kusi lina sifa mbaya, na Julai linaweza kuwa kali, ila kwa ufukwe huu ni rahisi kulikinga: wekeni kuta za turubai upande mmoja tu. Tukilazimishwa kutaja kipindi kimoja, ni mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, kusi likianza kulegea na vuli bado.

Machi katikati hadi Mei ni masika, achaneni nayo. Mbali na mvua yenyewe, Mto Ruvu unamwaga baharini kaskazini ya mji, na ukifurika maji ya pwani yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa wiki kadhaa. Novemba na Desemba ni vuli, mvua isiyotabirika; someni mwelekeo wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kulipa chochote.

Jua: Bagamoyo linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Anayetaka picha za jua likizama majini aende pwani ya magharibi ya Unguja. Hapa, minazi hulificha jua nusu saa nzima au zaidi kabla halijazama, na lenyewe huzama kati ya saa 12:15 (Juni) na saa 12:50 (Februari). Giza halikawii baada ya hapo, dakika 20 hivi. Anzeni saa 10:30, mmalize kufunga saa 11:15, nusu saa inayofuata ndiyo ya picha. Wanaoweza kuamka wana bahati zaidi: Juni na Julai jua huchomoza likiwa limeegemea kaskazini, karibu mbele kabisa ya ufukwe, saa 12:35 hivi, upepo haujaamka.

Kalenda ya dini inakula siku nyingi kuliko mvua. Miaka hii Ramadhani imeingia Februari, na mwaka 2026 na 2027 Kwaresima inaanza karibu siku zilezile. Februari nzuri imekwenda. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo muda si mrefu Januari nayo itaguswa. Maulidi ya mfungo sita mwaka 2026 yanaangukia wiki ya mwisho ya Agosti, na masheikh wa mji huwa wameshaahidi kwingine. Ulizeni pia tarehe za tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Wiki hiyo vyumba hakuna.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na ndoa iwe na mashahidi wasiopungua wawili. Siku hizo 21 zihesabiwe kurudi nyuma kutoka tarehe mliyochagua kwa maji, na mwongeze wiki moja ya hitilafu za makaratasi. Kwa ndoa ya serikali, njia isiyo na usumbufu ni kumalizia bomani asubuhi, kisha ufukweni jioni kwa pete, dua na chakula.

Vifaa vichache, kwa sababu watu ni wachache. Turubai dogo halishikwi na vigingi vya chuma kwenye mchanga. Vinachomoka kama sindano kwenye unga. Jazeni kiroba cha kilo 25 mchanga, kifungeni kamba katikati, kizikwe kimelala kina cha nusu mita, kamba ielekee mguu wa turubai. Viroba vinne, dakika 40. Viti vya miguu myembamba huzama, wazee wakapinduka. Tandikeni jamvi chini yake. Jenereta likae upande upepo unakokwenda. Jua likikaribia kuzama usubi hutoka kwenye mikoko, kwa hiyo Kaole shughuli iishe mapema kuliko mjini.

Na kikuba cha bibi harusi: matumba ya asumini yachumwe alasiri yakiwa bado yamefumba, yatungwe na kufunikwa kwa kitambaa kilicholoa maji. Yatafunguka yenyewe jioni, kifuani. Yaliyochumwa yakiwa yameshachanua huwa ya kahawia kabla mpiga picha hajabadilisha lenzi.