Mjapani, mafuta na boksi langu la spana

Gereji ninayofanyia kazi hapa Jeddah imejaa wageni: Wafilipino, Wapakistani, Myemeni mmoja, na mimi. Mwaka jana tukaletewa Msaudi, kijana wa miaka 21 aliyetoka kile chuo cha magari walichokianzisha Wasaudi na Wajapani. Tukacheka chinichini. Huyu, tukasema, kaja kukalia kiti chini ya kiyoyozi ili tajiri atimize idadi ya wazawa inayodaiwa na Nitaqat, ule mpango wa serikali wa kulazimisha kampuni ziajiri Wasaudi.

Siku ya kwanza akatandika kitambaa, akapanga spana zake kwa saizi, akazihesabu. Jioni akazihesabu tena kabla ya kufunga boneti. Mimi na miaka yangu 14 ya ufundi, spana namba 10 nilizozisahau ndani ya injini za watu anazijua Mungu.

"Nani kakufunza?" nikamuuliza.

"Wajapani, ami. Asubuhi tulikuwa tukifagia karakana wenyewe kwanza."

Msaudi kushika ufagio! Hapo nikaanza kufuatilia habari zao.

Chuo kilifunguliwa mwaka 2002, kozi ni miaka miwili, na wahitimu huajiriwa na kampuni zinazoingiza magari ya Kijapani. Lakini mambo haya yana mizizi. Japani haina mafuta ya kutajika. Zaidi ya asilimia 90 ya inayoyaagiza hutoka Mashariki ya Kati. Waarabu walipoyabana mwaka 1973, watu kule waligombea hata karatasi za chooni madukani. Mwaka 1975 Japani na Saudia zikatia sahihi mkataba wa ushirikiano wa uchumi na ufundi. Mwenye kisima naye hataki pesa tupu, anataka ujuzi ubaki kwake. Ndipo ukaona Sumitomo Chemical ya Japani na Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, wakashirikiana kwenye kiwanda cha petrokemikali, yaani kemikali zitokanazo na mafuta, pale Rabigh, kaskazini mwa Jeddah, na chujio za Toyobo, kampuni nyingine ya Kijapani, zikatumika kutoa chumvi kwenye maji ya bahari tunayokunywa mjini humu. Mwaka 2020 Wasaudi wakapeleka Japani tani 40 za amonia ya kuzalishia umeme, hewa ya kaboni iliyotoka wakati wa kuitengeneza ikiwa imenaswa huku huku. Hiyo ni biashara ya siku mafuta yatakapokosa soko.

Kila upande umepata chake. Mimi mwenye ikama, kibali cha mgeni kuishi hapa, ya mwaka mmoja mmoja sikutajwa popote, na simlaumu mtu. Nchi ni yao, na watoto ni wao.

Wiki iliyopita ikaja Hilux kuukuu, ya zamani kuliko kijana mwenyewe. Kompyuta yake ya kupimia haikupata hata pa kuchomeka. Akaniita. Nikamwambia aweke bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, asikilize silinda moja moja. Ya tatu akatabasamu: kaisikia.

Tajiri alikuwa amesimama nyuma yetu. Akatutazama kitambo, kisha akaniuliza ikama yangu inaisha lini.